Magoli Yaliyofungwa na Mlima

Baba yangu uliyelala nyuma ya migomba,

Mwakeye, nakusalimu kwa Kiha chetu. Ningekuja nikuambie haya pale pale kaburini, ila Mama angenisikia nikikufokea, na leo nimeamka na hamu ya kukufokea. Nimekaa bandani kwangu, chai imeshachemka, wateja bado. Nakuandikia wazi, asome atakaye. Wale wa kijiweni hawanitishi hata kidogo. Wao husoma kichwa cha habari tu, halafu wanakibishania mpaka adhuhuri.

Unawakumbuka vizuri. Mwalimu Minani, mstaafu, mwenyekiti wa mashabiki wa Radi, mtu ambaye hajawahi kupiga mpira hata wa makaratasi lakini kila asubuhi anawafundisha kazi makocha wa Ulaya kupitia redio yangu. Salumu wa duka la nguo, ambaye babu yake alitoka Tanga na yeye mwenyewe Tanga haijui, ila akifungua mdomo utadhani ameshuka kwenye basi jana. Na wale wengine wa kuitikia "sahihi kabisa" kwa yeyote atakayeongea mwisho. Enzi zako ukiwa kocha wa Radi walikuwa wanakuja kunywa chai na kukusifu. Siku hizi wanakuja kunywa chai na kuuliza swali moja: kwa nini Radi haifungi magoli?

Mechi sita, Baba. Mechi sita kwenye kiwanja chetu wenyewe, bila goli hata la kuotea. Wewe sababu uliijua, na mimi naijua. Hawa wachambuzi wangu wamekaa juu ya hiyo sababu, wanakunywa chai, na hawaioni.

Ungewaona Jumatatu ile baada ya mechi ya tatu. Mwalimu alivipanga vikombe vyangu mezani kuwa mabeki, akaweka mandazi mbele kuwa washambuliaji.

"Tatizo ni mfumo," akasema. "Tunacheza wawili mbele, kizamani. Dunia imehama. Tuweke watatu, mawinga wapanue uwanja, krosi ziingie, Winchi amalizie."

"Mfumo gani, Mwalimu wangu?" Salumu akamkatiza. "Mtu hana shabaha, mpe mfumo wa malaika, atapaisha tu. Winchi wenu siku hizi anasubiri mpira kama bwana harusi anayesubiri sinia. Keshajisahau, yule."

"Winchi apelekwe beki!"

"Watano mbele kabisa! Tunaogopa nini?"

"Sahihi kabisa!"

Mwalimu alipoona hoja zimemwelemea, akanyoosha mkono akamla namba tisa. Ndiyo, alimla, akamsindikiza na chai, kisha akaendelea kueleza jinsi namba tisa anavyotakiwa kukaa kwenye boksi. Mimi nilikuwa nakanda unga nyuma ya pazia nikiuma midomo. Watu wazima, wana wake na wajukuu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza magoli yetu ya zamani yalikuwa yanafungwa upande gani.

Wewe uliniuliza nikiwa na miaka kumi. Nakumbuka kama jana. Nilikuwa muokota mipira wako wa goli la chini, kazi ambayo hakuna mtoto mwingine aliyeitaka, kwa sababu kiwanja chetu kililala kwenye mteremko na kila shuti lililokosa goli liliteremka moja kwa moja mpaka kwenye maharage. Nilirudi nyumbani miguu imechanwachanwa, na wewe badala ya kunipa pole ukauliza, "Stelia, leo umeingia kwenye maharage mara ngapi?" Nikakutajia. Ukacheka peke yako. Jumapili iliyofuata ukanishika mkono, ukanipandisha mpaka goli la juu.

"Unaona nini hapa golini?"

"Nyasi."

"Kwa nini zimeota?"

Nikafikiri. "Hakuna anayezikanyaga."

"Basi umeshaujua mpira kuliko Mwalimu Minani," ukasema. "Nyamaza hivyo hivyo."

Nikanyamaza. Nilijiona mkubwa sana kwa ile siri. Kule chini golini palikuwa peupe, pamekanyagwa mpaka pamekuwa kama uwanja wa kupigia maharage, na kule juu mbuzi wangeweza kushiba. Timu yetu haikuwahi kufunga ikipanda. Wageni pia hawakuwahi kufunga wakipanda. Na wewe ulikuwa umepanga nani apande lini.

Ilikuwa hila tamu, lazima nikupe haki yako. Sisi huku kwetu mgeni anapigiwa makofi, anainamiwa, anapewa kiti kizuri. Wewe ukauingiza ustaarabu huo uwanjani. Timu ikija kutoka Kitanga au Rungwe Mpya, kapteni wetu aliinama, akawaambia: karibuni, ninyi ni wageni, anzeni nyinyi kushambulia mkishuka. Mwamuzi mtu wa kwetu, sarafu hakuwahi kuirusha. Wageni wakafurahi, wakasema watu wa huku wana adabu. Kipindi cha kwanza wakapiga mipira yao kwa nguvu walizozoea, yote ikaishia kwenye maharage yangu. Kipindi cha pili miguu imechoka, mvua ya saa kumi imeshanyesha, ndipo wanageuzwa wapande matope. Radi wanashuka. Beki anapiga mbele tu, mpira unakimbia wenyewe, Winchi anaufuata kwa ule mwili wake wa trekta, na goli hilo. Kijiji kizima kinaimba.

Ugenini tulikuwa tunafungwa, lakini ugenini kila mara palikuwa na sababu. Mara maji ya Rungwe Mpya yametuharibu tumbo, mara Kitanga walitupa ugali mgumu makusudi, mara mwamuzi ni shemeji wa golikipa wao. Mwalimu Minani alikuwa na sababu nyingi kuliko miaka aliyofundisha. Na Kombe la Dume, la kushindania ng'ombe dume, lilichezwa kwetu, kwa kuwa kiwanja chetu ndicho kikubwa, basi tukalichukua mara tatu, madume matatu tukayachinja, na mara zote tatu wakakubeba mabegani kukuzungusha senta.

Niliuona uso wako kule juu mabegani. Hapo ndipo ninapoanza kukufokea, Baba. Ulikuwa unatabasamu kama mtu aliyeamini.

Kwa sababu mpira ulikuwa unaujua. Usiniambie hukuujua. Pale uani kwetu, mimi na wewe na ule mpira wa magome ya mgomba, ulinifundisha vitu ambavyo Radi nzima haikuwahi kuvisikia. Ulikuwa unasimama upande wa jikoni, kwenye mwinuko, unaniambia nipandishe mpira kuja kwako. Nikiupiga kwa nguvu unarudi. Unanirudishia, unasema, "Kupanda na mpira, mpe mwenzako. Mpe, sogea, omba tena." Mama akawa mwenzangu, gauni kalikunja, anacheka mpaka anakaa chini. Tulikuwa tunapanda, sisi wawili, mwanamke na mtoto, pasi fupi fupi mpaka miguuni kwako.

Nikakuuliza siku moja mbona vijana wa Radi huwafundishi hivi. Ukasema, "Wanashinda. Mtu anayeshinda humfundishi kitu, atakuchukia tu. Waache na furaha yao." Nilikuona una busara. Leo nakuona mvivu. Ulikuwa na timu ya vijana wenye mapafu ya kupanda milima hii tangu wanazaliwa, ukawafundisha kungoja mpira ushuke.

Halafu likaja greda.

Kiangazi kile barabara ya Kibondo ilikuwa inatengenezwa, na wachambuzi wetu wakapata akili. Kamati ikaona kwamba Radi, timu kubwa, haiwezi kuendelea kucheza kwenye kiwanja kilichoinama. Kisawazishwe, soka litiririke! Wakamchinjia mbuzi dereva wa greda, wakamtengea na pombe ya ndizi, naye akakubali kulipitisha kiwanjani siku mbili za mapumziko yake. Mwalimu Minani alihutubia. Alisema kiwanja kikisawazishwa, safu yetu ya ushambuliaji itakuwa hatari maradufu. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe, nusura niliangushe.

Wewe ukasimama. Ulikuwa umeshaanza kukonda, koti lako limekuwa la mtu mwingine. Hukueleza chochote, ulisema neno moja tu: "Mkikisawazisha hiki kiwanja, hamtafunga tena." Ukakaa.

Wakacheka. Salumu akasema mzee anaogopa maendeleo. Greda likafanya kazi, likakata kule juu, likajaza kule chini, kiwanja kikawa sawa kama meza. Mvua za kwanza zilipoanza ukalazwa hospitali ya Kabanga, na hukurudi kwa miguu yako. Walikuzika vizuri, kwa kweli. Mwalimu alilia kwa sauti kuliko sisi wenye msiba.

Mechi ya kwanza baada ya arobaini yako, hakuna goli. Ya pili, hakuna. Vijana wanapiga mbele, wanasimama, wanautazama mpira. Papaa Dido, yule Mkongomani muuza vitenge anayekuja kwangu siku za soko, alitazama mechi moja tu. Akaja kunywa chai, akaniambia, "Mama, bale batoto banangojea mupira ishuke yenyewe. Itashuka toka wapi sasa?" Mtu wa kupita njia! Mwalimu alimsikia, akamjibu kwamba mpira wa hapa una historia yake, mgeni hawezi kuuelewa. Papaa Dido akamaliza chai yake akaenda zake, mtu mwenye akili zake.

Mechi ya nne ndipo mtu fulani akakumbuka neno lako. Hamtafunga tena. Ah! Hawakusema mzee alituonya. Hawakusema mzee alijua kitu, tuiulize familia yake. Vichwa vile vinapenda njia ndefu. Walisema mzee katutamkia laana. Mzee kaondoka na magoli yetu. Kufika mechi ya sita, ulikuwa umeshakuwa mchawi, Baba. Wewe, uliyekuwa unaogopa hata kuku anayeatamia.

Mimi wanaweza kunisema wanavyotaka, chai yangu watakunywa tu, hakuna nyingine hapa. Aliyeumia ni Mama. Akifika bombani, ndoo za wenzake zinakuwa zimejaa ghafla, kila mtu ana haraka. Watoto wanaitwa ndani anapopita. Na wale wanawake watano aliokuwa analimiana nao kwa zamu tangu mimi sijaolewa, leo shamba la huyu, kesho la yule, waliacha kumwita. Msimu wa maharage ukafika, Mama akaingia shambani peke yake, na miaka ile aliyonayo. Nilikwenda kumsaidia, nikamkuta ameketi kwenye tuta, jembe liko pembeni.

"Siyo kazi inayonichosha," akaniambia. "Ni kulima kimya kimya."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaamua. Ila ona mtego ulioniachia. Nikinyamaza, wewe ni mchawi na Mama ni mke wa mchawi. Nikisema, wewe si mchawi, lakini pia hukuwa kocha. Madume matatu, mabega, nyimbo, vyote vilikuwa vya mlima. Nilikuwa na baba mmoja tu wa kujivunia, na ilibidi nichague nimvue nini.

Wao wakanirahisishia. Jumapili baada ya misa, kamati ikaja nyumbani kwa Mama, Mwalimu mbele, Salumu nyuma, Winchi amebeba kibuyu cha pombe. Wakapiga makofi, wakainama, mwakeye hii, mwakeye ile, habari za mbegu, habari za mbuzi, mpaka nikachoka kuitikia. Adabu yote hiyo ili watutukane. Mwishowe Mwalimu akakohoa, akanigeukia mimi.

"Mama Ezra, wewe ndiye mtoto mkubwa. Tumekuja tuzungumze na mzee. Kama tulimkosea tunaomba radhi. Ayaachie magoli."

Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua macho. "Mume wangu alishindwa kumfukuza jogoo aliyekuwa anatuamsha usiku wa manane," akasema. "Leo ndiyo ameweza kufukuza magoli?"

Nikasimama. "Kibuyu kiacheni hapo," nikawaambia. "Twendeni kiwanjani. Mzee aliacha magoli yenu kule."

Walinifuata haraka kweli, nadhani walitegemea nifukue hirizi. Nikawapeleka mpaka nyuma ya goli la juu. Unapajua palivyo sasa? Hupajui, ulishakuwa kitandani. Greda lilipokata, limeacha ukuta wa udongo mwekundu unaonipita kimo. Nikamsimamisha Mwalimu Minani pale, mgongo wake kwenye udongo, nikaweka kiganja changu ukingoni, juu ya kichwa chake.

"Mwalimu, wewe una kumbukumbu. Nitajie goli moja, moja tu, ambalo Radi iliwahi kufunga kwenye goli hili la juu."

"Lile la Kitanga, la dakika za mwisho."

"Lilikuwa la chini. Mpira ulichana wavu ukaingia kwenye maharage, nikaufuata mimi."

"La kichwa, la Winchi, mwaka ule wa dume jekundu."

"La chini."

Salumu akaanza kuhesabu vidole, akaishia kwenye kidole kile kile alichoanzia. Winchi ndiye aliyesema, taratibu, "Mimi sikumbuki hata moja." Na alivyosema, nikamwonea huruma, maana magoli hayo yalikuwa jina lake.

"Hakuna," nikawaambia. "Baba yangu hakuwa mchawi. Alikuwa na mteremko, basi. Mlikuwa mnapiga mbele, udongo unamalizia. Mshambuliaji wenu mlimkata wenyewe kwa greda, na aliyemkata mkamchinjia mbuzi. Huu hapa ndio mguu wake uliobaki."

Nilikuwa nimekuvua nguo mchana kweupe, mbele ya watu waliokubeba.

Kisha Mwalimu akajipangusa udongo mgongoni, akasema kwa upole, kama anavyosema na mtoto wa darasa la pili, "Mama Ezra, heshima yako. Lakini mlima haupigi shuti."

"Sahihi kabisa," wakaitikia.

Na hapo hapo, naapa, wakaanza kubishana. Mmoja anasema mpira ukishuka unapoteza kasi, mwingine anasema inategemea upepo, Salumu anasema amesikia kuna nchi timu zinacheza milimani na zinafunga pande zote. Walivuka kiwanja chote wakibishana, hawakugeuka nyuma. Nilibaki nimesimama na ukweli wangu mkononi, hakuna aliyeutaka hata wa bure.

Alibaki Winchi. Mtu mkubwa vile, mikono ameificha nyuma.

"Mzee alikufundisha wewe?" akauliza.

"Alinifundisha."

"Basi na mimi nifundishe kupanda."

Alikuja kesho yake jioni na wenzake wanne, wakainama mlangoni, wakasimama uani pale pale tuliposimama mimi na Mama. Nikakaa wewe ulipokuwa unakaa, upande wa jikoni. Mpe, sogea, omba tena. Wiki tatu. Walikuwa hovyo, Baba, sikufichi. Winchi alikuwa anapiga pasi kama anayefukuza mbwa. Lakini walikuwa wanakuja. Mama alitoka na kiti akakaa kuwatazama, na mara moja nikamsikia anacheka.

Kisha tukaenda Kibondo, kwenye kiwanja tambarare, timu ngumu. Nilifunga banda nikaenda, mara yangu ya kwanza kuiona Radi ugenini. Tulifungwa matatu, na tulistahili. Ila kabla ya mapumziko, Winchi aliupata mpira katikati, na nikaona mguu wake wa kulia unainuka kutaka kupiga ule mbele wa zamani. Akaushusha. Akampa mwenzake, akasogea, akaomba tena. Pasi moja, mbili, tatu, ardhini, mabeki wa Kibondo wanageuka tu. Ya tano ilimkuta winga wetu mdogo peke yake na golikipa. Goli. Winchi hakufunga yeye, na alirukaruka kuliko siku zote alizofunga. Mimi nililia hadharani kama mjinga.

Nikageuka nishangilie na mtu, nikamwona Mwalimu Minani amemkumbatia Salumu, machozi yanamtoka.

"Ameachia!" anapiga kelele. "Mzee ameachia!"

Alfajiri ile, kabla ya kupanda gari, walikuwa wamepitia nyuma ya migomba na kile kibuyu. Nilikuja kuona baadaye, udongo wa kaburi lako umelowa, nzi wamejaa. Walikumwagia pombe yote, Baba, na wewe pombe hukuinywa tangu ubatizwe.

Jumatatu walifika bandani mapema kuliko mimi. Mada mpya. Hakuna tena nne-nne-mbili, hakuna krosi. Mwalimu akaeleza hesabu yake: kwa kibuyu kimoja mzee ametuachia goli moja, kwa hiyo tukimpelekea beberu, kwa uchache atatuachia matatu. Salumu akapinga, yeye anaona tuanze na jogoo, tusimshtue. Huo ndio mpango wetu wa ushambuliaji kwa sasa. Winchi alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho, akanitazama. Wiki tatu za jasho lake, na goli limepewa kibuyu.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maneno, Baba, makali, yamejipanga. Nilitaka niwaite majina ambayo hata Kiha kinayaogopa.

Nikasikia vicheko barabarani. Wanawake sita wanapita na majembe begani, na wa katikati ni Mama. Walikuwa wamekuja kumwita tangu asubuhi, hakuna aliyeomba msamaha, hakuna aliyeeleza kitu, wameita tu kama vile jana ilikuwa zamu ya mwingine na leo ni yake. Mume wake ameachia, kwa hiyo yeye ni mtu tena. Alikuwa anasimulia jambo, mkono mmoja hewani, na wenzake wanamcheka. Hakuniona.

Nikafunga mdomo. Nikachukua birika, nikammiminia Mwalimu Minani.

"Jogoo au beberu, Mama Ezra?" akaniuliza. "Wewe ndiye mwenye mzee."

"Nyinyi ndio mnaojua," nikamjibu. Winchi akainamisha kichwa.

Nimekaa na jibu hilo tangu siku ile, linanichoma. Watakuletea beberu Jumamosi, usimlaumu mnyama. Vijana bado wanakuja uani, jana walikuwa wanane, na bado nawadharau wale wa kijiweni kwa moyo wote, wala sitaacha. Wewe nilikuwa nimepanga kukudharau pamoja nao. Nilisema ulinyamaza kwa ajili ya mabega na nyimbo. Sasa sijui tena. Mimi naujua ukweli, na kila asubuhi naufunika, namimina chai, ili mwanamke mmoja asilime kimya kimya.

Mimi namnyamazia Mama. Wewe ulikuwa unamnyamazia nani, Baba?

Lala. Nitakuja kufagia hao nzi.

Ni mimi binti yako wa kwanza,
muokota mipira wa goli la chini.